Kazimoto Hakuuawa na Kukosa Mungu

Usiku wa tatu wa matanga ya Susu, Mama aliniita nyuma ya jiko akaniomba nifungue maombi. Mchungaji alikuwa amekwama njiani, mvua ilikuwa imeharibu barabara, na watu walikuwa wameshajaa kwenye tenti. Nikamwambia siwezi. Akadhani naona haya. Nikamwambia si haya, ni kwamba siamini tena, na si jambo la jana. Hakupandisha sauti. Alinitazama, kitambaa cha kushikia sufuria kikiwa bado mkononi, akaniuliza: "Sasa wewe huamka asubuhi kwa ajili ya nini?"

Sikuwa na jibu. Majibu ya maswali mengine nilikuwa nayo. Ukitaka tubishane kama Mungu yupo, mimi ni msee wa kukesha hadi saa tisa usiku nikitazama midahalo kwenye simu, na hoja ninazo za kutosha. Lakini Mama hakuuliza kama Mungu yupo. Aliuliza maisha yangu yanasimama juu ya nini. Mjomba akaja akafungua maombi. Mimi nikaenda kuosha vikombe.

Sensa ya mwaka 2019 iliwahesabu Wakenya 755,750 waliosema hawana dini, takriban asilimia 1.6 ya watu wote. Mimi simo kwenye hesabu hiyo. Karani alipopita kwetu, Mama alijibu kwa niaba ya nyumba nzima.

Mazishi yalipangwa Jumamosi ya wiki iliyofuata. Katikati ya wiki nikarudi Nairobi kazini, na swali lile likapanda basi pamoja nami. Kwa kuwa kazi ninayoijua ni kusoma, nilitoa kwenye rafu vitabu ambavyo watu hunitajia kila mara mjadala huu unapozuka, nikavisoma upya mmoja baada ya mwingine. Nilitaka kujua kitu kimoja tu: je, vinasema kweli kile tunachodai vinasema?

Cha kwanza, bila shaka, ni Kichwamaji cha Euphrase Kezilahabi, kilichotoka mwaka 1974. Kama umesoma fasihi ya Kiswahili chuoni, unajua vile watu hukitumia. Ukisema umeacha dini, kuna mtu atakuuliza, "Kwani hukusoma Kichwamaji?" Kazimoto ni mwanafunzi wa chuo kikuu kutoka Ukerewe. Anafikiri sana, ana shaka na Mungu, haoni maisha yanaelekea wapi, na mwishowe anajiua. Usomaji wa kawaida ni mfupi na una minyororo: amesoma, kwa hiyo amempoteza Mungu, amempoteza Mungu, kwa hiyo maisha hayana maana, hayana maana, kwa hiyo amekufa. Usomaji huo nimeusikia darasani na nimeusikia kwenye mimbari. Na niseme ukweli, mimi mwenyewe niliuamini kwa miaka, na ulinitisha. Nilipoanza kuacha kwenda kanisani, nilikuwa najichunguza kama mtu aliyeambiwa kwao kuna ugonjwa wa kurithi.

Safari hii nilisoma na kalamu mkononi, nikiorodhesha yanayompata Kazimoto. Manase, rafiki yake wa utotoni ambaye sasa ni mkubwa serikalini, anamharibia maisha Rukia, dada yake. Rukia anakufa. Mama yao anakufa. Kazimoto anamwendea Sabina, dada yake Manase, moyoni akiwa na kisasi, na badala ya kisasi anaishia kumwoa. Manase anapata mtoto mwenye kichwa kikubwa na mwili dhaifu. Halafu Kazimoto naye anapata mtoto wa namna hiyohiyo, na mtoto hadumu. Hebu tuulizane: mtu akibebeshwa hayo yote, awe mlokole au awe mpagani, magoti yake yatakuwaje? Ukisema kilichomwangusha ni kukosa Mungu, umeruka makaburi matatu ili ufike kwenye hoja yako.

Kuna jambo la pili ambalo sikuliona nilipokuwa chuoni. Kazimoto hana mtu. Watu wamemzunguka, wazazi, marafiki, mke, lakini kitabu kizima anaishi nao kama mgeni aliyefika na mkoba. Elimu imemtoa kijijini bila kumfikisha kwingine. Hata Sabina, ambaye anamfaa kuliko alivyostahili, alianza kama njia ya kumlipiza mtu mwingine. Mambo makubwa kuliko yote anayawaza peke yake. Yule mtoto wa kichwa kikubwa ni picha ya baba yake, na ni picha ya kizazi kizima cha wasomi wa wakati ule: kichwa kimekua, mwili wa kukibeba haupo. Kezilahabi hakuhitaji kutuhubiria. Jina la kitabu limeshasema.

Sasa, ningependa kuishia hapo, nidai kwamba Kichwamaji kiko upande wangu. Hakiko. Nilitafuta ndani yake mtu mmoja anayeishi vizuri bila Mungu, mtu ambaye ningeweza kumwonyesha Mama na kumwambia, "Mwone huyu." Sikumpata. Kazimoto anaitoka nyumba ya imani bila kubeba kitu. Na ninavyomsoma, bado anataka kile nyumba ile ilimwahidi: maana iliyokamilika, iliyoshushwa kutoka juu kama barua yenye mhuri. Barua isipofika, anaamua kwamba hakuna kilichoandikwa popote. Huo ndio udhaifu wake, na ni udhaifu wangu pia. Nilikuwa nimebadilisha jibu tu. Swali nililibakiza vilevile nilivyofundishwa shule ya Jumapili.

Kezilahabi mwenyewe alizaliwa Ukerewe mwaka 1944, akasoma seminari ya Kikatoliki kabla ya chuo kikuu. Riwaya yake ya kwanza, Rosa Mistika ya 1971, ina jina ambalo Wakatoliki humwita Bikira Maria wakati wa kusali litania, na amempa jina hilo msichana ambaye naye anajiua. Ukisoma vitabu hivyo viwili tu, unaweza kudhani mwandishi alikuwa ameshafunga mlango. Lakini mwaka 1990 akatoa Nagona, na 1991 akatoa Mzingile, riwaya fupi ngumu kama mawe, zilizojaa safari, wazee wa ajabu, na maswali yaleyale. Alifundisha miaka mingi, akafariki Januari 2020 akiwa mzee. Mtu anayeamini kwamba swali la maana ya maisha lilikwisha Kazimoto alipokufa, hakai miaka kumi na sita akajisumbua kuandika Nagona. Tunamnyima haki tukimfanya mhubiri wa kukata tamaa, na tunamnyima haki tukimfanya onyo la wahubiri.

Kitabu cha pili kilikuwa cha kundi pinzani, nami nilikifungua nikiwa nimekunja uso. Al-Inkishafi ni utenzi wa Sayyid Abdallah bin Ali bin Nasir, ulioandikwa kwa lahaja ya kaskazini mwa pwani yetu mwishoni mwa karne ya 18 au mwanzoni mwa karne ya 19. Ni mfupi, beti zake hazifiki 80, kila ubeti una mistari minne. Mshairi anazungumza na moyo wake mwenyewe. Anaushika kama mzee anavyomshika kijana sikio: amka, mbona umelala, huoni dunia hii inavyowafanya watu? Halafu anaupeleka moyo kutazama Pate.

Pate ilikuwa na mali. Mshairi anazikumbuka taa zilizowaka majumbani usiku, sahani za kigeni zilizopangwa kwenye vidaka vya ukutani, vitanda, mito, wahudumu, watu waliotembea shingo zikiwa juu. Kisha anatuonyesha nyumba zilezile sasa: popo na ndege wamezirithi, buibui wamesuka kuta, magugu yameota uani. Na wenyewe wako chini, kwenye mwanandani, udongo umewafunika na wadudu wanawala. Anauliza mmoja mmoja yuko wapi, na anawataja watu kwa majina. Mwishoni anauonyesha moyo moto wa Jahannamu ili usije ukasema haukuambiwa.

Mimi simwamini Mungu wa Sayyid Abdallah wala huo moto wake, na bado ulipofika ule ubeti wa vidaka nililazimika kukiweka kitabu chini. Nilikaa kwenye matatu iliyokwama karibu na Roysambu nikifikiria nyumba ya Susu, kabati la kioo lenye vikombe ambavyo hatukuruhusiwa kugusa, na nani atavichukua.

Nilijiuliza kwa nini mtu asiyeamini aguswe hivyo, na nadhani nimepata sababu. Imani ya Al-Inkishafi haimfariji mtu. Haimwahidi gari, visa wala kiwanja. Haisemi panda mbegu ya elfu tano uvune mara mia. Imani hii inamlazimisha mtu afanye jambo ambalo kila mmoja wetu hulikwepa: akae kimya mbele ya kaburi la mtu anayemjua kwa jina, aliangalie hadi mwisho, halafu ajiulize anaishije. Dini inamletea Sayyid Abdallah nafasi na wakati wa kufanya hivyo, na lugha ya kulisema. Kina cha utenzi kimo katika kazi hiyo. Linganisha na mahubiri mengi tunayosikia kwenye spika za mtaani, ambayo yana Mungu katika kila sentensi na hayana kina hata cha kulowesha kidole. Kumbe imani inaweza kuwepo na kina kisiwepo. Kwa hiyo hivi vitu viwili si kimoja, hata kama mara nyingi vinatembea pamoja.

Na kina chenyewe si cha kusifiwa hivihivi. Sisi Wakenya tulifundishwa hilo mwaka 2023, pale msitu wa Shakahola, kaunti ya Kilifi, ulipoanza kufukuliwa. Zaidi ya miili 400 ilitolewa, mingi ya watoto, wengi wao wakiwa wamefunga kula hadi kufa wakingoja kukutana na Mwokozi. Wengi wetu tulisema watu wale walikosa akili au walikosa matumaini. Mimi naona jambo gumu zaidi. Maana ya maisha waliyonayo ilikuwa nyingi mno kuliko yangu. Walijua kwa nini wanaamka. Kilichokosekana kati yao ni mtu wa kusema "huyu mtoto ana njaa" na neno hilo likawa na uzito kuliko ile maana. Ninaposikia mtu akisema lazima uwe na imani ndipo maisha yawe na maana, nataka kwanza aniambie: maana inayompa nani chakula?

Vitabu viwili vya mwisho nilivisoma pamoja kwa sababu vinabishana. Kuna hoja ambayo kijana wa hapa akiacha dini lazima atakutana nayo: ati kutoamini ni kitu cha wazungu, Mwafrika ni mtu wa dini tangu zamani. Hoja hiyo ina baba msomi, John Mbiti wa Mulango, Kitui, ambaye kwetu ni jirani. Katika African Religions and Philosophy, kitabu cha 1969, anadai kwamba Waafrika ni watu wa dini kupita kiasi, na kwamba dini kwao haitengwi na kulima, kuoa, kuzaa wala kufa. Okot p'Bitek wa Gulu, aliyezaliwa mwaka uleule wa 1931, hakukubali hata kidogo. Kitabu chake kuhusu dini za Kiafrika na wasomi wa Magharibi kinasema kwamba wamisionari, na wasomi wetu waliowafuata, waliivisha miungu ya Kiafrika mavazi ya kuazima ili ifanane na Mungu wa kwenye Biblia.

Okot ana kisa kimoja ambacho nimekisimulia kila mahali. Wamisionari walifika kwa wazee wa Kiacholi wakawauliza ni nani aliyewaumba. Lugha haikuwa na neno la kuumba kwa maana ile, kwa hiyo swali likafika masikioni mwa wazee kama: ni nani aliyewafinyanga? Wazee wakashangaa. Watu huzaliwa na mama zao, kwani wao ni vyungu? Wageni wakasisitiza. Mzee mmoja akakumbuka kwamba kuna mtu huzaliwa sawasawa, halafu ugonjwa wa uti wa mgongo ukamkunja akawa na kibiongo, na inasemwa kwamba Rubanga ndiye aliyemfinyanga hivyo. Akajibu: Rubanga. Wageni wakaandika. Ndivyo jina la pepo wa kibiongo lilivyokuja kuwa jina la Mungu makanisani.

Kila nikisimulia kisa hiki wasee hucheka, na mimi hucheka nao. Lakini safari hii nilikisoma kwa makini zaidi, nikaona kitu chini ya kicheko. Wale wazee walikuwa na maisha kamili kabla ya kuulizwa swali lile. Walizika, walioa, waligombana, walilea, walikuwa na watu wa kuwaheshimu na mambo ya kuogopa, bila kuhitaji mtu aliyewafinyanga kwa kusudi maalum. Swali "maisha yako yana maana gani bila Muumba?" halikuwasumbua kwa sababu halikuwepo. Hii haithibitishi kwamba Okot ana haki kuhusu kila jamii ya Afrika. Nami naona anambana Mbiti kuliko inavyofaa. Lakini inatosha kuvunja ile sentensi inayoanza na "haiwezekani".

Na Mbiti? Nilitegemea kumtupa, nikajikuta namnukuu kichwani wiki nzima. Mbiti alichukua maneno mawili ya Kiswahili, Sasa na Zamani, akayafanya nguzo za hoja yake. Anasema mtu akifa haondoki mara moja. Anabaki katika Sasa kadiri bado kuna mtu hai aliyemjua na anayemtaja kwa jina. Siku yule wa mwisho anayemkumbuka naye anapokufa, ndipo marehemu anapozama kabisa katika Zamani. Kuna mengi ya kubishania katika nadharia yake ya wakati, hasa anapodai kwamba kesho ya mbali haikuwepo katika fikra zetu. Lakini hili la jina halihitaji uwe na padri, na halihitaji hata uamini mizimu. Linahitaji tu uwe na kumbukumbu na uwe na kazi ya kuitunza. Ukambani, mtoto hupewa jina la nyanya au babu yake. Mimi nimekuwa nikiitwa jina la mtu mwingine maisha yangu yote na sikuwahi kuliona kama deni.

Hapo ndipo vitabu vyote vikaanza kuongea na kila kimoja. Sayyid Abdallah anawaita wafu wake kwa majina. Mbiti anasema jina ndilo uzi unaomshikilia marehemu asizame. Wazee wa Okot wanajua walizaliwa na nani. Kazimoto peke yake ndiye anayewaza maisha kama kitu chake binafsi, hesabu ya mtu mmoja ambayo lazima itoe jibu la mtu mmoja. Nikaona jibu langu, walau nusu yake. Imani si sharti la maisha yenye kina. Lakini kazi ambazo imani imetufanyia kwa karne nyingi, hizo ni sharti: kutuketisha mbele ya kifo bila kukimbia, kutupa watu tunaowajibika kwao, kutuwekea siku na saa ya kufanya hayo hata tukiwa hatujisikii. Ukiiacha dini, kazi hizo zinakuangukia wewe. Wengi wetu tumeacha dini na tumeacha kazi zake pia, tukabaki na Jumapili ndefu na simu yenye chaji. Halafu tunashangaa kwa nini mioyo inakaa kama chumba ambacho mpangaji amehama.

Kamati ya mazishi ilikuwa imenipa kazi ya kuandika wasifu wa marehemu, kwa sababu mimi ndiye "yule wa kuandika". Nilikuwa nimeanza kwa ule mtindo tunaoujua, alizaliwa, akaolewa, akabarikiwa na watoto saba. Alhamisi usiku nikaufuta. Susu alikuwa mkunga. Hakuwa na daftari wala cheti, alikuwa na tochi na mikono. Nikaanza kupiga simu. Shangazi akanipa majina sita, jirani akanipa manne, mwenye duka la kijijini akasema, "Mimi pia, na ndugu yangu." Kufikia Ijumaa usiku kwenye kesha, watu walikuwa wananijia wenyewe gizani wakinitajia majina. Nilipata 41.

Programu ilinipa dakika tano. Niliyasoma yote. Kuna waliosimama walipotajwa, wanaume wenye mvi, msichana mwenye sare ya shule. Jina la mwisho lilikuwa la kijana mmoja ambaye tayari amekufa, na mamake alisimama badala yake.

Nisingependa uondoke hapa ukidhani nilishinda mjadala. Mchungaji alipanda baada yangu akasema kwamba bila Kristo yote hayo ni bure, na watu wakaitikia amina. Na jambo linaloniuma zaidi ni kwamba Susu angeitikia pia. Kila alipoitwa usiku alipiga magoti kwanza kando ya kitanda, kisha ndipo akatafuta tochi. Hakuna namna ya kuyatenganisha maombi yale na mikono ile na nikasema mimi nimechukua mikono tu. Kwake vilikuwa kitu kimoja. Siwezi kumwandikisha Susu kwenye chama changu kwa sababu hayupo kukataa. Ninachoweza kusema ni kwamba wale 41 hawakuulizwa kama mama zao wanaamini. Ninaweza kubeba orodha yake bila kubeba magoti yake, na nitajua miaka ijayo kama bila magoti mtu anaweza kuamka saa nane usiku mvua ikinyesha. Yeye aliamka. Mimi bado sijajaribiwa.

Jioni, wageni walipopungua, nilimkuta Mama akipanga viti vya kukodi juu ya vingine. Nikamsaidia. Tukapanga safu mbili bila kuongea.

"Lile swali lako," nikamwambia. "Nadhani naamka kwa sababu kuna watu wananidai."

Akafikiria kidogo. "Hata Mungu hudai," akasema.

"Najua, Mama."

Akaniangalia kama mtu anayepima kama nguo itamtosha mtoto mwaka mwingine mmoja. Halafu akanionyesha kwa kidevu upande wa lango, ambako dereva alikuwa ameshawasha injini. "Haya, beba hivi. Watu wa tenti wanangoja."